Bega la Kushoto la Bibi Kabula

Mwaka umezunguka, Baba yetu Luhende, tangu ulipojilaza mchana ule hapa nyumbani Sapiwi ukasema utaamka jua likipoa. Jua lilipoa. Pamba uliyoiacha changa tuliichuma bila wewe, na nyingine imeshapandwa.

Watu wa Bariadi mjini wanakukumbuka kwa herufi zako. Duka la dawa, mashine ya kukoboa, saluni ya karibu na stendi, kote bado kuna maandishi yako mekundu, makubwa kama ng'ombe. Sisi wa nyumbani tunakukumbuka kwa vitu vidogo. Ukirudi kazini ulinawa, ukakata kipande cha boksi kisichozidi kiberiti, ukatoa chaki zako laini za rangi na kumchora mtu mmoja aliyevaa kama walivyovaa wazee wetu: mchungaji na shuka lake, bibi harusi na shanga zake, mcheza ngoma na njuga miguuni.

Chaki zile ni vumbi tu, hazishiki. Mtu akipiga chafya mezani, mcheza ngoma amekosa kichwa. Mama akianza kukohoa ulimwonyesha mlango kwa kidole, naye alitoka anacheka na kukohoa pamoja. Kwa hiyo ulikuwa na haraka ya kupiga picha. Ulichomeka kile kipande kwenye kijiti cha mtama, ukakisimika shambani, ukalala kifudifudi na simu yako. Nyamizi, binti yako, alikushikia mfuniko wa sufuria ili mwanga umrudie usoni yule mtu mdogo. Kwenye picha alionekana mrefu kuliko mipamba, anajiendea zake.

Wapita njia hawakuchoka kukutania. "We Luhende, umeangusha nini hapo?"

"Nimeangusha bibi yako. Shuka kwenye baiskeli unisaidie kumtafuta."

Ulikuwa mtu wa maswali, Baba. Msibani, mnadani, nje ya kanisa, uliuliza. Shanga zilikuwa mistari mingapi? Kaniki ilifika gotini au chini yake? Mzee Athanasi akikuona kwa mbali alivuka barabara. "Huyu ataniuliza tena nguo za mama yangu," alisema. Lakini nguo isiyo na mashahidi wawili hukuichora hata siku moja.

Ndiyo maana picha moja ilikushinda, ya mama yako, Bibi Kabula. Alifariki wewe hujajua kutembea, na hakuacha picha yoyote. Waliomjua walikusimulia, ukamchora akicheza ngoma ya Bagalu baada ya mavuno, kaniki mwilini, shanga nyeupe shingoni, mkono mmoja juu. Uso ulimpa wa Nyamizi, kwa kuwa wote walisema wamefanana. Kwenye bega la kushoto ndipo walipokuvuruga. Mzee Athanasi alisema palikuwa na kitambaa chekundu. Mwingine alisema ngozi ya mbuzi. Ukampigia simu mama yako mdogo, Bibi Milembe wa Mwamanyili, akakujibu, "Begani? Hakuvaa kitu."

Ukapaacha wazi, boksi tupu. Ukaondoka pakiwa tupu.

Kumbukumbu yako ilipokaribia tulikubaliana picha hiyo ndiyo iwekwe mbele siku ya misa. Lakini tungeiwekaje ikiwa na shimo? Mdogo wako kwa baba, Masalu, akasema, "Pakeni hata nyeusi pale. Nani atajua?"

Unamjua Nyamizi, hasemi mbele za watu. Siku hiyo alisema akiwa ameinama. "Yeye angejua."

Akaiweka picha ndani ya kopo la majani ya chai, akasafiri nayo mpaka Mwamanyili, kopo magotini, akiogopa hata kupumua. Alipofika akaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," na maneno yakamwishia hapo. Wewe ungeuliza maswali kumi. Yeye alifungua kopo, akamwekea bibi picha kiganjani.

Bibi Milembe aliisogeza mbali na macho, kisha karibu. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Na mtoto mmempeleka wapi?"

"Mtoto gani, bibi?"

"Si Luhende! Dada yangu alicheza naye mgongoni, kichwa kimechungulia hapa." Akagusa hewa juu ya lile bega. "Ukimweka chini analia mpaka ngoma inasimama. Alimfunga kwa kitambaa chekundu. Baridi ikija, kwa ngozi ya mbuzi."

"Mbona baba alipokuuliza hukumwambia?"

"Aliniuliza dada alivaa nini. Mtoto anavaliwa?"

Kumbe wote walikuambia kweli, Baba. Wewe uliulizia nguo tu, na pale palipokushinda kuchora palikuwa pako.

Nyamizi alikumbuka sheria yako ya mashahidi wawili. Aliporudi akamwendea Mzee Athanasi, akamuuliza kama Bibi Kabula alicheza na mtoto mgongoni. Mzee akamshangaa. "Sasa kile kitambaa kingekuwa kinafanya nini pale?"

Basi akatoa kipande cha chaki nyekundu kilichobaki kwenye boksi lako, kifupi kama jino. Akachora kitambaa, na juu yake kichwa kidogo kama punje ya mtama, kimegeukia upande wa kwetu, kinatazama. Tunadhani tayari ulikuwa unauliza kitu.

Tuliisimika picha shambani kwako asubuhi. Safari hii mfuniko aliushika Mama, na Nyamizi ndiye aliyelala kifudifudi na simu yako. Mtu wa baiskeli akapita.

"Nyie, mmeangusha nini hapo?"

Nyamizi akajibu bila kuinuka, kwa sauti tuliyoisikia wote. "Hatujaangusha. Tumemwokota baba."

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi hii asubuhi, kigangoni Sapiwi, na picha itakuwa mbele. Watakaokuja wasogee waitazame, ila wasipige chafya.

Unakumbukwa na mkeo Justina, wanao Nyamizi na Constantine, mdogo wako Masalu, mama yako mdogo Milembe, majirani wote, na Mzee Athanasi, ambaye siku hizi anavuka barabara kuja kwetu.

Wabeja, Baba, asante. Maadamu tupo, hutasahauliwa.