Konokono wa Kizingiti

Na bado unanicheka, Mama, kwamba nimeolewa na konokono. Sawa, nimekubali. Ila ungemwona mume wangu dirishani na lenzi yake, akihesabu mizunguko ya gamba na kutazama mdomo umefungukia upande gani, moyo wako ungeyeyuka kama wangu. Chai ya asubuhi ananipikia yeye.

Yule konokono aliyegeuka jiwe, tuliyembandua kwenye kizingiti chako siku nilipomleta mume wangu nyumbani mara ya kwanza, amemtambua. Ni wa maji baridi, si wa bahari, kwa hiyo uani kwetu palikuwa ziwa. Kisha akauliza, "Jiwe lile la chokaa aliliweka nani?" Nikamwambia ni marehemu Baba, alilichimba uani akalibeba begani mwenyewe. Akaweka lenzi chini.

"Mbona hukuniambia kabla sijapiga nyundo?"

Siku ile ulisema, "Chukueni tu, wanangu," ukaingia ndani kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, nami nikaendelea kucheka na mchumba wangu.

Nisamehe, Mama. Konokono ameshamchora, anasema picha inamtosha. Ufa utaonekana, lakini kabla mwezi haujaisha tunakuja kumrudisha pale pale alipomweka Baba.

Mwanao,
mke wa konokono