Simu za Jumatano kwa Tata

Shule ya Sekondari, Lupepo,
7 Desemba 2006.

Kwa Tata, baba yangu mpendwa,

Ugonile, Tata. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, goti limetulia, na mvua hizi hazijakufungia ndani. Mimi sijambo. Chakula ninakula, wala sijakonda kama mdogo wangu Tulia anavyokutangazia.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu anayekupigia simu kila Jumatano. Naandika kwa sababu kuna jambo ambalo mdomo wangu umeshindwa kulisema, na tarehe ishirini nakuja Kawetele kwa Krismasi. Sitaki nikae mezani kwako kabla hujalijua.

Kwanza nishukuru. Mwezi Machi mwalimu wetu wa Fizikia alihamishwa. Mkuu wa shule, Mwalimu Hellen, akatutazama tuliobaki na macho yakamtua kwangu. Nilimkumbusha kuwa mimi ni wa Historia. Akasema Historia haimkatazi mtu kujua mashine. Fizikia yangu unaijua mwenyewe, maana ndiyo iliyokufanya unichape nikiwa Kidato cha Tatu. Tulipofika mada ya mashine nilisoma kitabu mara tatu, nikatoka mtupu. Ndipo nikakukumbuka wewe, fundi wa mitambo kiwanda cha chai kwa miaka ishirini na sita.

Nawe ukanieleza bila kuchoka. Ulinifundisha kwa nini gurudumu dogo huzunguka upesi kuliko kubwa yakifungwa mkanda mmoja, na jinsi wewe na mzee Ezron mlivyoinua kwa kapi mota iliyowashinda wanaume wanane. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili wakachonga kapi za mti, wakafunga kamba kwenye boriti, na Yudith, binti mdogo kuliko wote darasani, akainua dawati peke yake. Mwalimu Hellen alikuja kuona akapiga makofi kama mtoto. Kazi yote hiyo ni yako. Ndaga fijo, asante sana, Tata.

Sasa niseme lililonileta. Nilipoanza kukupigia nilikuambia kwamba nimekukumbuka tu, nataka tuzungumze habari za kazi yako ya zamani. Ukafurahi mno. Tulia alinieleza kuwa kila Jumatano, saa nane haijafika, unavaa koti na kupanda kilimani penye mtandao, na njiani hutaki kusimamishwa na mtu kwa sababu mwanao anapiga. Tata, simu ile haikuwa sikioni kwangu. Ilikuwa juu ya meza ya darasa, ndani ya sufuria ya chai ya walimu ili sauti ikue, na wanafunzi arobaini na sita walikuwa kimya wakikusikiliza na kuandika. Hapa kwetu simu ya mwanafunzi ikikamatwa huvunjwa kwa nyundo mbele ya mstari wa asubuhi. Yangu Mwalimu Hellen aliiruhusu kwa sharti moja, kwamba nikuombe ruhusa wewe. Nikamwambia nimeomba. Nilidanganya. Niliogopa kuwa ukijua unasikilizwa utaanza kuongea kama mgeni rasmi.

Halafu ikaja ile Jumatano ya Agosti, ulipoacha habari za mikanda ukaanza habari za vidole vyako viwili ulivyopoteza kiwandani. Nyumbani sote tulijua mkanda ulikatika ukakupiga. Siku ile ukasema haukukatika. Kwenye mashine palikuwa na onyo la Kiingereza. Ulilitazama siku tatu, ukaona aibu kumwuliza msimamizi maana alikuwa kijana kwako, ukaingiza mkono. Ukasema hata marehemu mama hukumwambia. Ningeweza kuizima simu, sikuizima. Watoto wa watu wakaijua siri yako kabla ya Tulia. Nimekukosea, Tata. Nisamehe.

Hakuna aliyecheka. Kesho yake Yudith, ambaye tangu Januari hakuwahi kufungua kinywa, alisimama akasema Kiingereza cha ubaoni hakielewi hata kidogo, na anauliza kwa sababu hataki yamkute ya yule mzee. Wakasimama na wengine. Tangu hapo naulizwa mpaka jasho linanitoka, na kila siku namshukuru Mungu kwa ajili yako.

Bado moja. Mada ya mashine tuliimaliza mwezi Septemba. Jumatano zote za Oktoba na Novemba hapakuwa na darasa wala sufuria. Nilikuwa nimekaa peke yangu nyuma ya nyumba, simu sikioni, nakuuliza mambo ya mikanda niliyokwisha kuyajua, kwa sababu sikujua mtu anaanzaje kumpigia baba yake akiwa hana swali.

Nisalimie Tulia na mzee Ezron. Ukiona moyo bado mzito kunipokea tarehe ishirini, mtume Tulia aniambie, nami nitangoja hukuhuku mpaka utakaponiita.

Ni mimi mwanao,
Andongwisye