Alama za Patasi

Marlcombe, 3 Machi 1957

Kaka Wilfred,

U hali gani? Baridi ya Kanada inakuachia? Sisi wazima, ila baa ya Baba si nzima. Jumanne lori la maziwa lilishindwa kona likaingia mpaka ukumbini. Nguzo na boriti zote chini! Mkaguzi wa wilaya anasema isiposimama kufikia Juni, yaliyobaki yatabomolewa. Mbao tumezirundika kwenye uwanja wa kriketi, hakuna ajuaye ipi ni ya wapi.

Najua hatusemezani mwaka wa kumi na moja huu, tangu Baba aniachie mimi baa. Lakini fundi anayeijua ni wewe.

Dada yako, Enid

Calgary, 29 Machi 1957

Enid,

Salamu zimefika. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Nikuambie ukweli, barua yako ilinichekesha. Nikasema na ianguke, tukose sote. Siku tatu nilikuwa mtu wa hovyo hivyo, kisha nikaona aibu.

Asiguse mtu msumeno. Sugueni masizi na chokaa kwenye ncha za mbao. Mafundi wa zamani walichonga alama kwa patasi kila kiungo: nguzo yenye mistari minne inaingia kwenye boriti yenye minne. Msitie msumari hata mmoja, vigingi vya mti wa mwaloni tu. Na ile boriti ya chini juu ya meko, inayogonga watu vichwa, msiinyanyue. Wageni wainame.

Wilfred

Marlcombe, 2 Juni 1957

Kaka mpenzi,

Hujambo? Magoti je? Huku ni furaha tupu, baa imesimama! Kijiji kizima kilisugua mbao. Bi Clutterbuck alipiga kelele, "Minne! Nimempata mwenziwe!" utadhani amepata mjukuu. Mzee Percy akasema, "Huyu Wilf hata akiwa Kanada anatuamrisha!" Mkaguzi aliisukuma nguzo kwa bega, haikutikisika, akaomba bia.

Ahsante, kaka. Ahsante hata kwa kuniambia ulicheka. Mimi ningecheka wiki nzima. Baba alikosea. Baa ilikuwa yetu sote, nami nilinyamaza kwa sababu kunyamaza kulinifaa.

Jana mchoraji alikuja kuandika jina la mwenye leseni juu ya mlango. Nikamwambia aandike mawili. Akakataa katakata, mpaka mahakimu wanaotoa leseni za baa wamwone huyo wa pili kwa macho yao. Basi jina langu liko pembeni, nusu ya ubao ni tupu.

Mahakimu wanakaa kikao tarehe kumi na tisa Septemba. Njoo na suti.

Dada yako, Enid