Nimelipigia vigelegele birika lililovunjika

Shoga, nimeaibika mbele ya mama mkwe na bado nacheka peke yangu hapa jikoni!

Si unamjua mwanetu, huyu wa marehemu dada. Tangu tumtoe kwa baba yake wa kambo, kitu kikianguka tu anakimbilia chini ya meza na kujifunika kichwa. Na mimi, kama alivyonielekeza yule mshauri wa watoto, naingia humo humo, nakaa naye kimya mpaka atulie.

Leo kavunja birika langu la maua. LILE LA HARUSI!

Nikainama chini ya meza. Hayupo!

Kumbe kasimama mlangoni, kipande mkononi: "Mama mdogo, nimevunja."

Shoga, kaja MWENYEWE! Kasema MWENYEWE!

Nikapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Mama mkwe akatoka mbio chumbani, akaona vipande sakafuni na mimi narukaruka, kikombe chake kikamponyoka. Paa!

Nikajua sasa mtoto atakimbilia chini ya meza.

Wapi! Kamshika bibi mkono, kamwambia taratibu: "Usiogope, bibi. Humu ndani hatupigwi."