Ulimi wa Tela

4 Februari 1986

Kwa wifi yangu mpenzi,

Salamu tele. Sisi hatujambo, ila kaka yako ana mafua na anajifanya mahututi. Hujambo huko gereji? Kazi mpya haijakuchosha?

Wifi, tangu uondoke mimi ndiye ninayepakia pikipiki kwenye tela. Kaka yako anaendesha, mimi nafunga mikanda. Wateja wananiita Mama Tela, nami naitika! Lakini pikapu ikishika kasi, tela linayumba kushoto kulia. Kaka yako kasema nikuulize, maana kupakia ilikuwa kazi yako.

Zile pikipiki nazisogeza nyuma, karibu na mlango wa tela. Hapo ule ulimi wa chuma unakuwa mwepesi, naunyanyua kwa mkono mmoja na kuuweka kwenye ndoano ya pikapu. Nimepatia?

Wifi yako

19 Februari

Wifi,

Barua nimeipata. Mimi mzima. Mpe kaka pole. Akiwa na mafua hupenda maji moto yenye ndimu, sijui kama unajua.

Mama Tela! Haya, makubwa. Miaka sita nimepakia, mgongo umeniuma mimi, na hakuna aliyenipa hata jina. Wewe miezi miwili tu! Na kiti changu cha mbele bila shaka umeshakizoea.

Ulimi ukiwa mwepesi mkononi, umepatia. Hongera.

Wifi yako

1 Machi

Wifi yangu,

Habari za siku? Sisi wazima, mafua yamekwisha. Ndimu ilisaidia, asante sana.

Asante pia kwa jibu. Jumamosi tarehe nane tunapeleka pikipiki nne, zile kubwa, kwa njia ya mteremko. Nitazirudisha nyuma zaidi. Kaka yako alisita, nikamwambia, "Dada yako ndiye kasema." Akajibu, "Basi, kama kasema yeye, yamekwisha."

Usinicheke, bado nakuogopa kidogo.

Wifi yako

7 Machi

Wifi, salamu baadaye. Msiondoke!

Ulimi mwepesi ni mbaya. Uzito ukilala nyuma, tela huivuta pikapu mkia na dereva hana la kufanya. Sogeza pikipiki mbele mpaka injini zipite kidogo magurudumu ya tela. Zilizo nzito ziwe katikati, nyepesi pembeni. Funga mikanda mbele na nyuma mpaka springi zibonyee. Ulimi uwe mzito, uunyanyue kwa mikono miwili huku unaguna.

Nilijua tangu mwanzo. Nakuonea wivu, nimesema. Mimi na kaka tulikuwa wawili kwenye ile pikapu, halafu ukaja wewe na jina juu. Nilitaka tela liyumbe kidogo tu, kaka aseme, "Angekuwepo dada yangu." Sikujua mtapita mteremkoni, tena na nne.

Barua hii nampa dereva wa basi, ameniahidi ataiwahisha. Nisamehe.

Wifi yako

16 Machi

Salamu.

Hali zetu si nzuri. Barua yako ilifika Jumatatu. Jumamosi, katikati ya mteremko, tela lilianza kuyumba, likatuzungusha na kutubwaga mtaroni. Mimi nimechubuka. Kaka yako amevunjika mguu wa kulia mara mbili, na daktari hajui kama atakanyaga breki tena.

Nilimwambia ulimi mwepesi ndio uliotuponza. Akakataa katakata. Eti dada yake hakosei kwenye mzigo, mimi ndiye niliyesoma vibaya. Wanaokuja kumpa pole wote anawaambia, "Angekuwepo dada yangu, haya yasingetokea."

Ulitaka aseme hivyo. Anasema kila siku, mbele yangu.

Barua zako zote mbili ziko mfukoni mwa gauni langu. Mimi simsomei. Njoo umsomee mwenyewe.

Mke wa kaka yako