Mwaka Nant Celyn Ilipokauka

Pont Celyn, Wales
10 Mei 1976

Mwanangu Deiniol,

Barua hii ikukute umeshiba na umevaa sweta. Mimi mzima, ila goti ndilo linalonung'unika nikipanda kilima cha kanisani. Wewe je? Kile kikohozi kimekuachia? Usinifiche, nakujua.

Picha yako na huyo samoni imefika. Haki ya Mungu, yule ni samaki au ndama? Lakini nikuulize: kumtoa samaki kwenye mto mpana kama bahari, tena ukiwa umekaa ndani ya boti ya injini, huko ni kuvua au ni kwenda dukani? Hapa kwetu Nant Celyn, kijito chetu, unaivuka kwa kuruka, na samaki wake, trauti, wanakusikia ukipumua. Jumamosi nilitambaa kwa tumbo kwenye majani, mwanamke mzima na sketi yangu, nikarusha ndoana yenye inzi wa manyoya chini ya daraja na kupata wawili. Wadogo, wa urefu wa kiganja. Nikawapaka unga wa oti, nikawakaanga kwa mafuta ya bekoni, nikala wote peke yangu bila aibu.

Mvua hatujaiona wiki nyingi. Mawe ambayo sijawahi kuyaona mgongo yameanza kuchomoza. Na Guto wa Pandy, kama kawaida yake, yuko huko huko mtoni. Jana nimemkuta amelala ukingoni, mkono umezama majini mpaka begani.

"Guto! Unafanya nini hapo?"

"Nasali, Mama Deiniol!"

Marehemu baba yako angekuwepo, angemfikisha mahakamani kabla ya chai. Tangu afariki hawajatuletea mlinzi mwingine wa mto, na mwizi yule wa samaki anajiona mfalme.

Kula vizuri. Nakubusu kichwani, hata kama kinaanza upara.

Mama yako,
Luned

*

Port Alberni, Kanada
2 Juni 1976

Mama yangu kipenzi,

Kikohozi kimeisha, kweli. Sweta ninayo. Upara ni wa ukoo wako, usinitanie. Goti lako ulipake ile dawa niliyokutumia, usiiweke kabatini kama vikombe vya wageni.

Kazi ya kiwanda cha mbao inaendelea. Jumapili naenda mtoni na wenzangu. Nimewasimulia kwamba mama yangu huvua trauti kwa kutambaa, hawaamini. Mmoja amesema, "Mto wa kuruka? Huo ni mfereji." Nilimwambia ajaribu kwanza, ndipo atajua mfereji ni nini.

Ila Mama, habari za Guto usiniletee. Wewe unacheka naye ng'ambo kwa ng'ambo ya mto, mimi siwezi. Baba alikaa kwenye baridi majira yote kumvizia yule mtu, mpaka kifua kikamla. Nilikuwa namsikia akikohoa nyuma ya ukuta wa chumba changu. Sijasahau.

Wasalimie kanisani.

Mwanao,
Deiniol

*

Pont Celyn
19 Julai 1976

Mwanangu,

Salamu kutoka nchi iliyokauka. Sijambo, nimeungua pua tu. Maji ya bomba yanafunguliwa asubuhi kidogo, yanafungwa. Vyombo naosha kwa maji niliyoogea, usimwambie mtu.

Ulisema nisikuletee habari za Guto. Nimejaribu kuandika barua hii bila yeye, haiandikiki.

Mto haupo tena, Deiniol. Kuna mashimo ya maji tu, na katikati yake kokoto nyeupe. Ndani ya mashimo trauti wamebanana, na watoto wa samoni, wale wenye madoa ubavuni kama mtu amewashika kwa vidole vyenye wino. Maji yana joto. Wanatweta. Nilikaa pale nikaona hili si jambo la mtu mmoja mwenye ufito na ndoana. Alihitajika mtu anayejua kushika samaki kwa mkono bila kumuumiza, na hapa Pont Celyn mtu huyo ni mmoja.

Nikaenda Pandy kwa Guto, nikagonga mlango.

"Umeleta polisi?" akauliza.

"Nimeleta ndoo."

Nikamweleza. Chini ya nyumba yake kuna kile kilindi chenye chemchemi ya mwambani, hakijawahi kukauka. Tuwahamishie pale.

Akanitazama, akatikisa kichwa. "Mumeo alinikimbiza maisha yote nisiwatoe samaki mtoni. Leo mkewe anakuja kuniomba niwatoe."

"Ndiyo. Na hutakula."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Guto."

"Maskini Ithel," akasema. "Kumbe hata nyumbani alikuwa na mlinzi."

Nikacheka, kisha nikajikasirikia kwa kucheka. Tumeanza Jumatatu iliyopita. Anapeleka mkono polepole chini ya tumbo la samaki, anampapasa, na samaki anatulia mkononi mwake kama mtoto aliyeshiba. Mimi nabeba ndoo. Goti halijalalamika tangu tuanze, sijui kwa nini.

Niandikie. Kimya chako sikipendi.

Mama yako

*

Pont Celyn
31 Agosti 1976

Mwanangu Deiniol,

Natumaini u mzima, na ni posta tu iliyolala. Mimi mwili wote unauma, lakini moyo uko juu.

Juzi Jumapili tulikuwa kanisani, Mchungaji yuko katikati ya sala ya kuomba mvua. Mlango ukafunguliwa. Guto! Hajakanyaga mle tangu abatizwe. Amesimama, suruali imelowa mpaka mapajani, kofia mkononi.

"Mama Deiniol," akasema, mbele ya watu wote, "shimo la juu linakufa. Wameanza kuelea."

Mchungaji akafumbua macho. "Bwana Guto, leo ni siku ya Bwana."

"Najua, Mchungaji. Samaki ndio hawajui."

Unanijua mimi na Jumapili. Hata soksi sijawahi kuitoboa kwa sindano siku hiyo. Nikakaa. Nikaangalia kitabu changu cha nyimbo, sikuona neno. Nikasimama, na kofia yangu imebanwa kwa pini kichwani, nikatoka. Nyuma nikasikia viatu. Sikugeuka, niliogopa nikigeuka vitasimama. Nilipofika barabarani ndipo nikaona nusu ya kanisa iko nami, wanakwaya wa sauti nzito wote, wanawake wa safu ya mbele, hata mzee Cadfael na fimbo yake.

Mkulima wa shamba la juu akaleta trekta na madebe ya maziwa. Tukajipanga mstari tangu shimoni mpaka kwenye tela. Na kwa kuwa ni watu wa kwaya, mtu akaanzisha wimbo. Guto alikuwa ameinama majini, akaitikia. Deiniol, yule mtu ana sauti! Miaka yote hiyo amekaa mita chache kutoka kwetu na sauti ile, sisi hatujui, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya kunyamaza.

Wengi walikufa. Waliopona ni wengi zaidi. Nilipoteleza kwenye kokoto Guto alinishika kiwiko, akanishikilia mpaka nikasimama sawa, na kidogo baada ya hapo.

Mchungaji hajanisalimia bado. Atanisalimia.

Mama yako

*

Port Alberni
15 Septemba 1976

Mama,

Sijambo. Barua zako zote zimefika.

Nimefurahi kuhusu samaki. Hiyo habari ya kanisani nimeisoma mara mbili, nikacheka peke yangu bwenini.

Lakini barua yako imejaa Guto mwanzo mwisho. Guto kasema, Guto kaimba, Guto kakushika kiwiko. Nakuuliza kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima: kuna nini?

Deiniol

*

Pont Celyn
4 Oktoba 1976

Mwanangu mpenzi,

Mvua imekuja. Inanyesha tangu wiki ya pili ya Septemba kana kwamba inalipiza. Nant Celyn imejaa, inapiga kelele usiku kucha na mimi nalala kama mtoto.

Umeniuliza wazi, nakujibu wazi. Kuna jambo.

Siku moja mvua ilipotulia kidogo nilimwambia Guto nitamfundisha kuvua kwa ufito, kama watu wa heshima. Akanasa kofia yake kwa ndoana. Akanasa mti. Akanasa sikio lake mwenyewe, ikabidi nimchomoe ndoana huku analaani kwa maneno ambayo sijui kuyaandika. Nilipokuwa bado nimelishika sikio akasema, "Luned, hii sitaiweza mwaka huu wala mwakani. Ukikubali tuoane utapata muda wa kutosha." Sijamjibu. Nilimwambia nina mwana.

Sasa kuhusu baba yako. Kifua chake kilianzia kwenye vumbi la machimbo ya madini ya risasi, kabla hujazaliwa, kabla hajawa mlinzi. Daktari alituambia sisi wawili, na baba yako akanikataza nisikwambie kwa sababu ulikuwa mdogo. Ukatafuta mtu wa kumlaumu, Guto akawa karibu.

Na kuna moja aliyonisimulia Guto, sikuwahi kuisikia kwa Ithel. Mwaka wa mafuriko makubwa maji yalimbeba Guto akiwa na samoni wa wizi begani. Baba yako aliruka na mabuti yake, akamtoa. Akamvua nguo mbichi, akamvika koti lake mwenyewe, akamnywesha chai ya chupa. Kisha akamkamata. Guto alisimama mbele ya hakimu akiwa amevaa koti la aliyemshitaki. "Alikuwa mtu wa haki," aliniambia, macho yamelowa. "Na samoni wangu alimrudisha majini."

Nilimpenda baba yako, na nampenda mpaka kesho. Lakini nyumba ni kimya sana, mwanangu.

Mama yako

*

Pont Celyn
29 Novemba 1976

Deiniol mwanangu,

Sijui kama unaumwa au umekasirika. Kila asubuhi namsikia mleta barua akipita na baiskeli, na hasimami.

Samoni wamepanda. Sikutegemea, baada ya mwaka kama huu. Nilisimama darajani jana, jike kubwa likilala ubavu na kupiga mkia, kokoto zinaruka, linachimba shimo la mayai yake. Nilitaka kukuita. Nilifungua mdomo kabisa, kisha nikakumbuka uko wapi.

Nimemwambia Guto ndiyo. Ndoa ni tarehe kumi na tisa Februari, kanisani kwetu, Mchungaji amekubali baada ya kuguna sana. Uandike usiandike, uje usije, mimi ni mama yako, na kitanda chako kina shuka safi.

Nimekwambia mwenyewe ili usisikie kwa wengine.

Mama

*

Port Alberni
3 Januari 1977

Mama yangu,

Nakuamkia kwa heshima zote, na nakuomba unisamehe kimya. Siumwi. Nilikasirika. Nimeandika barua nyingi nikazichana, na moja nilifika nayo mpaka posta.

Habari ya machimbo ilinichukua siku nyingi kuimeza. Nilikuwa nimemzoea adui yangu.

Nyuma ya kiwanda chetu kuna kijito, cha kuruka, kama chako. Mwezi wa kumi na moja samoni walipanda mpaka pale. Samoni wa huku, Mama, akishataga anakufa. Wote. Wamelala kokotoni, ndege wanawadonoa macho. Niliwaangalia, nikaona hivyo ndivyo nilivyokuwa nimekuweka wewe: umezaa, umelea, umezika, basi. Nikaondoka pale nimejionea haya.

Bosi amenipa ruhusa. Nitashuka kituo cha Aberystwyth tarehe kumi na tano Februari, treni ya mchana. Usije na goti lako, barabara itakuwa na barafu. Mtume Guto. Nataka tuwe na mwendo mzima wa kurudi nyumbani, mimi na yeye, tusemane yote kabla hatujafika mlangoni kwako. Siahidi kwamba nitakuwa mpole njia nzima.

Kanisani nitakushika mkono mimi kukuingiza. Kama Mchungaji ana mtu mwingine, amwambie akae.

Na zawadi ya harusi nimeshaifikiria. Nitamkatia Guto leseni ya uvuvi, ya mwaka mzima, yenye jina lake na muhuri. Mwana wa Ithel ndiye atakayemkabidhi, mbele ya watu, na atakayecheka acheke. Muulize jina lake kamili linaandikwaje. Nilikuwa nikiliona kwenye hati za mahakama tu, na pale walikuwa wakilikosea kila mara.

Mwanao akupendaye,
Deiniol