Muti wetu wa mupaka

Mama Furaha, salamu nyingi hapo kambini Goma.

Binti yako alinipeleka ku shato ya zamani, nyumba kubwa ya wafalme wa huku ng'ambo, pembeni ya bahari. Wafalme walikufa, baridi yao ikabakia. Ndani ya bustani nikaona nini? Muti wetu wa mupaka! Ule tulipandaga ku mwisho wa shamba kule Masisi, ule wenye kutunyanganya shamba waliung'oa kwanza, kisha wakatufukuza. Hapa wameujengea nyumba ya vioo, hata moto wanauwashia. Mulinzi akaniambia: «Papa, usiguse, huu ni muti wa heshima.» Nikamujibu: «Hata kwetu ulikuwa.» Alipogeuka, nikavunja katawi, nikakaficha ndani ya koti.

Chunga magoti yako na mvua, mpenzi. Katawi nitakaleta. Wewe utafute tu fasi: tutakapanda kati ya hema yetu na hema ya nani?

Muzee wako, mwizi